Kuvuka Bukakata hadi Luku jioni

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kuvusha magunia ya mahindi jioni kwa mtumbwi wa injini kutoka Bukakata, ufukweni mwa Ziwa Victoria nchini Uganda, hadi Luku katika visiwa vya Ssese, kwa kuwa ng'ambo ni karibu na maji huonekana matulivu. Nakusihi usifanye hivyo.

Ziwa Victoria halikutokana na ardhi kupasuka na kudidimia (ufa) kama Ziwa Albert: nchi ya magharibi iliinuka polepole, mito kama Katonga na Kagera iliyokuwa ikielekea huko ikazuiwa, na maji yakatanda juu ya mabonde na vilima vya kale. Ndiyo maana kina cha ziwa zima hakizidi mita 80 hivi, na karibu na visiwa vya Ssese mwamba unaweza kuwa chini kidogo tu ya uso wa maji. Ziwa lilipofurika mwaka 2020, hata mawe ambayo wavuvi waliyazoea kama alama yaliweza kufunikwa.

Usiku, upepo wa nchi kavu kutoka pande zote hukutana juu ya maji yenye joto na kuzaa radi na dhoruba, na mawimbi ya maji yenye kina kifupi huwa mafupi na makali. Tena kuna visiwa vya mafunjo vinavyoelea, ambavyo gizani huvioni hadi vimenasa panga za injini. Aprili 2020 kimoja kiliziba mitambo ya kufua umeme ya Nalubaale, Jinja, na umeme ukakatika nchini.

Peleka mzigo kwa kivuko, mchana. Ukilazimika kupanda mtumbwi, punguza magunia na kila abiria avae jaketi la kuokolea kabla ya kuondoka ufukweni.