Tempo ya Biti: Sikiliza Mdomo Kwanza, Namba Baadaye

Kwa muda mrefu biti zangu, midundo ninayowatengenezea marapa, zilikuwa na kasi moja na mimi mwenyewe sijui. Nilikuja kushtuka siku nilipozipanga kwenye folda kwa kufuata tempo, yaani idadi ya mapigo kwa dakika: zaidi ya nusu zilikuwa 140. Si kwamba naipenda 140 kihivyo. Programu niliyokuwa natumia ilikuwa inafungua kila mradi mpya kwenye namba hiyo, na mtu ukishapata melodi tamu, nani ana muda wa kwenda kugusa kinamba kile cha juu? Wenzangu wa programu nyingine wana ugonjwa huohuo, ila wao umewakwamisha kwenye 120.

Tangu hapo sigusi ngoma kabla sijachana (sijarap) hewani. Nazima kila kitu, nawasha kinasa sauti cha simu, naanza kubwabwaja silabi zisizo na maana mpaka mdomo utulie kwenye mwendo wake. Kisha nagonga kidole kufuata mwendo ule na programu inanisomea namba. Mara nyingi inatoka namba ya ajabuajabu, 83 au 87, na naiacha hivyohivyo. Hakuna msikilizaji aliyewahi kulalamika kwamba wimbo haukufika 85 kamili.

Kwa nini mdomo? Piga hesabu. Baa moja ina mapigo manne, na kila pigo ukiligawa mara nne unapata nafasi 16 ambazo rapa anayechana mfululizo anazijaza kwa silabi. Kwa hiyo chukua tempo, igawe kwa 15, utapata silabi anazotakiwa kutamka kwa sekunde moja. Kwenye 75 ni silabi 5, kwenye 90 ni 6, kwenye 105 ni 7. Silabi moja ya ziada si kitu kwenye karatasi. Mpe mtu baa 16 za namna hiyo bila pa kuvutia pumzi, ndipo utaielewa.

Na kwa anayechana kwa Kiswahili suala hili ni zito zaidi, maana maneno yetu ni marefu. "Hawatanisahau" ni silabi 7. Neno moja tu limekula karibu nusu ya baa, na bado hujasema ni akina nani. Halafu mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwenye "ha" ya "sahau", hivyo rapa mzuri atataka silabi hiyo iangukie kwenye snea, ile ngoma yenye mlio mkali kama kofi. Biti ikimkimbiza, ataanza kumeza silabi za katikati ili awahi pale.

Hili nililiona kwa macho. Nilimpa rapa mmoja biti ya 98 yenye mzuka kweli. Mistari aliyoleta ilikuwa mizuri, nilishaisoma kwenye daftari lake, lakini kila akifika mwisho wa mstari pumzi imekata na "nilipowakumbuka" imegeuka "nlipwakumbka". Karibu saa mbili nilikuwa namwambia arudie, kana kwamba tatizo ni mazoezi. Alipotoka kunywa maji nikashusha tempo hadi 91, sikumwambia. Akarudi, akachana mara moja tu, akavua hedifoni. "Kaka, umefanya nini hapa?" Nilikuwa nimemwongezea sekunde tatu kwenye vesi nzima ya baa 16. Tatu tu! Aibu ilikuwa yangu, maana saa mbili zote zile nilimwona yeye ndiye mzembe.

Najua wanaoanza wanataka namba za kila mtindo, basi hizi hapa: biti za boom bap hukaa sana kati ya 85 na 95, trap huandikwa kati ya 130 na 150, drill huzunguka 140. Zichukue kama mahali pa kuanzia. Ila jihadhari na hizo namba kubwa, kwa sababu trap ya 140 haisikiki kama 140. Snea yake inaanguka mara moja kwa baa, kwenye pigo la tatu, hivyo kichwa kinatikisika kwa mwendo wa 70. Prodyuza anaiandika 140 ili apate gridi yenye vyumba vingi vya kupanga haihati zake, vile visahani vinavyolia "ts-ts-ts". Nikimtumia mtu biti ya namna hii naandika 70/140 kwenye jina la faili, tusije tukabishana kuhusu kitu ambacho sote tunakisikia sawasawa.

Upande wa ngoma, mtu wa kuogopwa ni kiki, ngoma nzito ya chini (si ile ya mitandaoni). Kiki ya TR-808, mashine ya ngoma iliyotoka mwaka 1980, ina mkia mrefu, na mkia ule hautambui tempo yako. Kwenye 70, kutoka pigo hadi pigo kuna milisekunde 857. Kwenye 95 zimebaki 632. Kiki uliyoipenda kwenye biti ya taratibu, ukiipeleka kwenye ya haraka, mkia wake unaikanyaga kiki inayofuata na chini kote kunakuwa matope. Watu wanakimbilia kwenye EQ, kifaa cha kupunguza au kuongeza besi na sauti kali. Fupisha mkia kwanza. Na ukishusha tempo kunatokea kinyume chake: uwazi unafunguka katikati ya mapigo na mikono inawasha kuujaza. Mimi siujazi. Hapo ndipo sauti ya rapa inakaa.

Sampo, vipande vinavyokatwa kutoka kwenye rekodi nyingine, nazo zina mambo yake. Zamani tempo na kimo cha sauti vilikuwa vimefungwa kamba moja: kasi ikipanda, sauti nayo inapanda. Mashine ya SP-1200 iliyotoka 1987 ilikuwa na nafasi ya sekunde kama 10 tu za sampo, basi maprodyuza waliicheza santuri ya mizunguko 33 kwa kasi ya 45 ili ichukue nafasi ndogo, kisha wakaishusha ndani ya mashine. Ule mkwaruzo wa biti za wakati ule ulichangiwa na ujanja huo wa kubana matumizi. Leo programu inanyoosha sauti bila kugusa kimo chake, lakini ukivuta sana ngoma zinapoteza makali, zinakuwa kama zimelowa. Ndiyo maana bado napenda kuacha sauti ifuate kasi. Nusu toni moja ni karibu asilimia 6: lupu (kipande kinachojirudia) ya 90 ukiipandisha nusu toni inafika kama 95. Kama sampo inaimba vizuri zaidi pale, basi nimeshapata tempo yangu bila kuumiza kichwa.

Kabla hujabadilisha namba lakini, hakikisha tatizo ni namba. Biti inaweza kuonekana ya haraka kwa sababu tu kila kitu kimekaa juu ya gridi kama askari kwenye gwaride. Rudisha snea nyuma milisekunde 10 au 15, au ongeza swingi kidogo kwenye haihati (yaani chelewesha kidogo kila pigo la pili), na 90 ileile itapata uvivu mtamu. Dawa hii inafanya kazi zaidi kwenye tempo za chini, ambako nafasi ni pana. Kwenye 140 kila moja ya zile nafasi 16 za baa ina milisekunde 107 tu, swingi haina pa kuchezea.

Usiamue tempo usiku, tafadhali. Lupu uliyoisikiliza kwa saa tatu itaonekana nzito na utaipandisha, 2 hapa, 3 pale, na asubuhi utakuta mbio za farasi. Mimi nahifadhi namba ya kwanza kwenye jina la mradi, nikiamka nasikiliza zote mbili kabla ya chai. Na kama sauti za rapa zimesharekodiwa, usizinyooshe kwa zaidi ya namba mbili tatu za tempo. Mpigie rapa arudi studio. Atanung'unika, ila atakuja.