Kabla hujatangaza kwamba umegeuza spini

Wiki hii nimeletewa tena grafu ile ile ya spini (usumaku mdogo wa kila elektroni) iliyoamshwa kwa pigo la leza: ishara inapanda ghafla, inashuka taratibu, na mwenyewe anatabasamu kama aliyefunga bao dakika za nyongeza. Nikamwuliza, "Upande wa pili je?" Kimya. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mtanizeesha.

1. Geuza mzunguko wa mwanga. Kwenye tabaka moja la WSe₂ (fuwele ya tungsteni na seleni), mwanga unaozunguka kulia huamsha elektroni za bonde moja (bonde ni hali ya mwendo ambako nishati ya elektroni hushuka chini), wa kushoto huamsha za bonde la pili, na spini hufuata bonde. Basi ishara ya spini lazima ibadili alama ukizungusha bamba la robo-wimbi, linalogeuza mzunguko huo wa mwanga. Isiyobadilika si spini. Nililijua hilo vizuri darasani. Kwenye meza ya leza nikapima kulia tu, maana ishara ilipendeza na usiku ulikuwa umekwenda. Nikakokotoa umri wa spini, nikapanga slaidi, nikasimama mbele za watu. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akauliza kwa upole: kushoto inakuwaje? Nikarudi maabara, nikageuza bamba. Mchoro ule ule, juu vilevile! Diodi zangu mbili za kupokea mwanga sikuwa nimezisawazisha kabla ya kufungua pampu (pigo la leza linaloamsha elektroni), kwa hiyo kila pampu ilipobadili uakisi wa sampuli, tofauti ya diodi ilijifanya mzunguko wa Kerr, yaani ule mgeuko wa mwelekeo wa mtetemo wa mwanga unaoakisiwa, ambao ndio hutuonyesha spini. Umri niliokuwa nikiutangaza ulikuwa wa uakisi. Yule mzee hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

2. Kwenye reli ya kuchelewesha pigo la leza, mwanga huenda na kurudi: milimita moja ni pikosekunde 6.7, si 3.3.

3. Polaraizesheni (namna mwanga unavyozunguka) ipimwe pale sampuli ilipo. Vioo vya njiani huharibu duara lako likawa duaradufu.

4. Hesabu matabaka. Kuna kijana ishara ilimgomea, akailaumu leza, akalaumu kriostati (chombo cha kupozea sampuli), akaanza kuniangalia hata mimi. Kumbe kipande chake kilikuwa cha matabaka mawili, ambako ulinganifu wa fuwele hurudi na sheria ya mabonde hulegea. Angepima mng'ao tu angejua, maana tabaka moja hung'aa kuliko mawili. Rangi kwenye hadubini humdanganya aliyechoka.

5. Leza ya megahezi 80 hupiga kila nanosekunde 12.5. Ukikuta ishara kabla ya sifuri, yaani kabla pigo la pampu halijafika, usikimbilie kuifuta. Huenda ni spini ya pigo lililopita, bado hai.

6. Miwani. Mwanga wa nanomita 800 jicho huuona kwa shida, ila huungua nao.

7. Wa CrI₃ (fuwele ya sumaku ya kromiamu na iodini): ifunikeni kwa boroni nitridi humo humo kwenye sanduku la glavu, lililofungwa lisiingie hewa ya nje, unyevu huila. Tabaka moja hupoteza usumaku kwenye kelvini 45 hivi, na pampu kali hukufikisha huko huku kipimajoto cha kriostati kikisoma baridi tu. Rudia kipimo kwa nusu ya nguvu, kisha robo, ndipo uje mezani kwangu.