Maswali na Majibu: "Kanuni Haikunikataza"

Mkiniandikia, tajeni toleo. Kitabu cha wachezaji cha Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza unaochezwa mezani kwa dadu, cha mwaka 2014 na kile cha 2024 vinafanana jalada hadi jalada mpaka mnapofika kwenye ugomvi, na hapo ndipo vinapoachana. Nusu ya mizozo ninayoletewa ni watu wawili waliosoma vitabu viwili, kila mmoja yuko sahihi. Asiyetaja nitamjibu kwa cha 2014, na akipigwa na wenzake mezani asinilaumu.

Nimerusha dadu ya pande 20 nikapata 20 kavu wakati namshawishi mfalme anikabidhi kiti chake. Mwendesha mchezo, yule anayesimulia na kuamua, amekataa. Si 20 ni ushindi wa moja kwa moja?

Si ushindi. Kwenye shambulio, 20 inapiga hata kama adui amevaa chuma kutoka utosini hadi unyayoni. Ukiwa umelala unapigania roho, 20 inakuinua na pointi moja ya uhai. Kwenye kushawishi, kupanda ukuta au kufungua kufuli, 20 ni namba tu: unajumlisha na uwezo wako, kisha unaangalia kama umefika. Wachapishaji walilijaribu wazo lako kwenye rasimu ya majaribio ya 2022, wakaliacha.

Lakini nina neno na mwendesha mchezo wako pia. Kwa nini alikuruhusu kurusha? Dadu hurushwa pale ambapo matokeo yanaweza kwenda huku au kule. Kama mfalme hatatoa kiti kwa namna yoyote, sema hivyo kabla dadu haijagusa meza. Ukishamwachia mtu arushe, umemwahidi kitu. Au basi mweleze mapema anachokipigania: akifaulu, mfalme atacheka, akishindwa, ataita walinzi.

Nina upendeleo (kurusha dadu mbili na kuchukua kubwa) kwa sababu tatu tofauti. Narusha dadu nne?

Mbili. Hata ukiwa na sababu kumi ni mbili, na kikwazo kimoja tu (kurusha mbili na kuchukua ndogo) kinazifuta zote kumi.

Kasisi wetu anao uchawi wa kuumba maji. Maelezo yanasema maji hutokea ndani ya chombo kilicho wazi. Jitu lilikuwa linanguruma, mdomo wazi. Mapafu si chombo? Hakuna mahali kanuni inaponikataza.

Nimeulizwa hili mara nyingi kiasi kwamba nikiona neno "mapafu" kwenye kichwa cha barua najua kilichobaki. Leo najibu kwa kirefu, na atakayeuliza tena sitamjibu.

Kwanza, kanuni za toleo la tano, lenye vitabu hivi viwili, hutenganisha viumbe na vitu. Uchawi unaolenga kiumbe husema "kiumbe", na mara nyingi humpa nafasi ya kujiokoa. Huu unasema chombo. Jitu ni kiumbe, na viungo vyake vya ndani ni jitu hilohilo. Mapafu hayageuki kabati la vyombo kwa sababu umeona jino.

Pili, tazama daraja. Kuumba maji ni uchawi wa daraja la kwanza, kasisi mchanga anao siku ya kwanza ya mchezo. Uchawi wa kumtamkia mtu neno akafa papo hapo ni wa daraja la tisa, na hata huo una mpaka wake katika kitabu cha 2014: aliyebaki na pointi zaidi ya 100 haumgusi. Sasa unataka kuniambia waandishi waliweka kifo kwenye daraja la tisa kwa masharti, halafu wakakificha kingine, kisicho na masharti, ndani ya ndoo ya maji?

Tatu, na hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe: "haikunikataza". Maelezo ya uchawi hukwambia uchawi unafanya nini, na unaishia hapo. Hayawezi kuorodhesha yote usiyoweza, kwa sababu orodha hiyo haina mwisho. Uchawi wa kuwasha mwanga nao haukukatazwa kupika, kulima wala kuponya upofu. Anayesoma ukimya wa kitabu kama kibali hasomi kanuni, anatafuta mlango wa nyuma.

Kama bado hujashawishika, mwombe mwendesha mchezo akubaliane nawe. Halafu wiki ijayo kasisi wa maadui, yule mdogo mwenye pointi tisa za uhai, asimame futi 30 kutoka kwako na wewe umefungua mdomo kupiga kelele za vita. Utaikumbuka tofauti ya kiumbe na chombo haraka sana.

Mwizi wetu anadai anaweza kufanya shambulio la kuvizia mara mbili kwenye raundi moja. Anatudanganya?

Hadanganyi. Kanuni inasema mara moja kwa zamu, na zamu si raundi: raundi ni zamu za wote. Akichoma kwenye zamu yake, kisha adui akamkimbia kwenye zamu nyingine naye akamchoma kwa mwitikio, yaani tendo la haraka nje ya zamu yake, anahesabu dadu zake upya, mradi masharti yametimia. Na hahitaji kuwa amejificha: mwenzake akiwa futi 5 kutoka kwa adui inatosha, ilimradi yeye mwenyewe hana kikwazo na silaha yake ni ya wepesi au ya kurusha mbali.

Najua kwa nini mmeniandikia. Mmeona ameshika dadu kiganja kizima mkaingiwa na woga, na mwendesha mchezo ameshaanza kufikiria kumpunguzia. Asithubutu. Kwenye ngazi ya 5 mwizi anaongeza dadu tatu za pande sita, kwa adui mmoja, akipata. Mchawi wa ngazi hiyohiyo anatupa mpira wa moto wa dadu nane kwa kila aliyemo, na anayejiokoa bado anakula nusu. Mbona huyo hamkumshtaki?

Kunywa dawa ya uponyaji ni tendo zima la zamu au dogo la nyongeza?

Tendo zima 2014, la nyongeza 2024. Meza nyingi zilikuwa zikicheza la pili miaka yote hiyo bila kumwomba mtu ruhusa.

Nimepigwa mishale miwili kwenye zamu moja nikiwa nimeshikilia uchawi unaohitaji umakini, ambao hupotea nikiumia nikashindwa dadu. Narusha mara moja kwa jumla ya madhara?

Mara mbili, kila mshale na kipimo chake. Kipimo ni 10 au nusu ya madhara, ile iliyo kubwa. Mshale wa kwanza ukikutoa pointi 27, nusu ni 13 na kipande, kipande tunakitupa, unatafuta 13. Wa pili ukikutoa 8, nusu ni 4, kwa hiyo unatafuta 10. Toleo hili hushusha kila sehemu ya namba, isipokuwa pale linaposema vingine. Msinirudie na hilo.

Nimetumia uchawi wa kuona visivyoonekana. Namwona adui kabisa, lakini mwendesha mchezo anasema bado namshambulia kwa kikwazo, eti ndivyo ilivyoandikwa.

Ndivyo ilivyoandikwa, na ni upuuzi. Kitabu cha 2014 kinaeleza hali ya kutoonekana kwa mistari miwili iliyosimama mbalimbali: mmoja kuhusu kuonwa, mwingine kuhusu mashambulizi. Ule wa pili haukutaja kwamba anayekuona haathiriki. Basi watu wakaushika kama sheria ya kiapo. Kitabu cha 2024 kimeongeza kwamba anayeweza kukuona hakupi faida hiyo, mjadala ukafa.

Msije mkasema najipinga. Yule wa mapafu aliusoma ukimya kama kibali. Huyu anaisoma herufi akisahau uchawi uliwekwa kwa kazi gani. Uchawi wa kuona visivyoonekana usipokusaidia kupambana na kisichoonekana, ni wa nini?

Wanakijiji 2,000 wakipanga mstari na kila mmoja akaandaa tendo la kumpa mwenzake mkuki, mkuki unasafiri zaidi ya maili moja kwa sekunde 6. Wa mwisho akiurusha, madhara ni kiasi gani?

Dadu moja ya pande sita. Umetumia kanuni kuusafirisha, kisha umekimbilia fizikia kuuhesabu, chagua moja. Kwa fizikia, wanakijiji hawapokezani hivyo. Kwa kanuni, mkuki uliorushwa ni mkuki uliorushwa. Mwongozo wa mwendesha mchezo wa 2024 umeandika wazi kwamba kanuni si sheria za maumbile, na mfano uliotoa ni huuhuu wako.

Rafiki yetu mmoja hubishia kila uamuzi, wakati mwingine nusu saa. Tumfanyeje?

Dakika moja. Anayejua ukurasa autaje. Asipoupata, mwendesha mchezo anaamua, mtu anaandika pembeni, mnaendelea, mnasoma kitabu mchezo ukiisha. Uamuzi ukiwa mbaya, unarekebishwa kwa safari ijayo, haurudishwi nyuma.

Ila chunguzeni kwanza anabishia nini. Kama ni kwa sababu mwendesha mchezo hubadilisha kanuni katikati ya pambano kila joka lake linapokaribia kufa, basi mleta fujo si huyo mnayemshtaki.

Mwenzangu anasema mpira wa moto ukilipuka kwenye ujia mwembamba moto hurudi kuwachoma mliourusha. Kweli?

Mwenzako alijifunza zamani. Kwenye toleo la kwanza la AD&D (mchezo huu ulivyoitwa zamani) moto ule ulijaza futi za ujazo zipatazo 33,000, na kama ukumbi haukutosha ulitafuta pa kwenda, mara nyingi ni huko mliko. Toleo la tano ni tufe la futi 20 kila upande, halivimbi. Hupinda kona, kwa hiyo kujibanza nyuma ya ukuta hakusaidii kama uko ndani ya umbali huo. Pia huwasha kila kinachoshika moto ambacho hakuna aliyekivaa wala kukibeba. Ile ramani mliyoifuata mpaka huko chini, kama ilikuwa juu ya meza, imeungua, na hilo halihitaji tafsiri.