Maswali ya wasomaji: John Baugh, kutoka friza za Houston hadi kwenye wakfu

Nimesikia kwamba mwanzilishi wa Sysco, kampuni ya Marekani inayosambaza vyakula mahotelini, aligawa mali yake vyuoni na makanisani. Alikuwa nani? (Msomaji, Tanga)

Ni John F. Baugh, aliyezaliwa Waco, Texas, mwaka 1916. Alijifunza biashara ya vyakula katika maduka ya A&P, kisha mwaka 1946 yeye na mkewe, Eula Mae, wakafungua Zero Foods mjini Houston, wakiuza vyakula vilivyogandishwa. Mwaka 1969 aliwashawishi wenye kampuni nyingine 8 za usambazaji waungane naye. Kila mmoja alitoa kampuni yake akapewa hisa za kampuni mpya, na wengi wakaendelea kuendesha shughuli za miji yao kama kawaida. Mwaka 1970 hisa hizo ziliuzwa kwa umma. Mauzo ya mwanzo yalikuwa dola milioni 115.

Ushike huo muungano wa hisa, maana bila hisa zinazouzika sokoni asingekuwa na cha kugawa zaidi ya magari na maghala.

Nina gari moja la friza. Napelekea hoteli kuku na samaki, nashinda barabarani, faida siioni. Wasambazaji wakubwa wanafanyaje? (Msomaji, Mombasa)

Anza na hesabu ya kusimama. Tuseme kila mlango unaosimama unakugharimu Sh 900: dereva, msaidizi, mafuta na foleni. Katoni moja ina faida ghafi ya Sh 300. Ukishusha katoni 2, umepata 600 na umepoteza 300. Ukishusha 10, umepata 3,000 na unabakiwa na 2,100. Gharama ya mlango ni ileile. Ndiyo maana kampuni kama Sysco huuza kila kitu ambacho jiko linahitaji, kuanzia nyama hadi sabuni ya vyombo. Faida yao ghafi ni takribani asilimia 18 tu ya mauzo, hivyo hawawezi kumudu katoni mbili mlangoni. Weka kiwango cha chini cha oda, na umpe kila mteja siku zake za wiki. Mteja mdogo anayekataa kiwango hicho mwache aje kuchukua mwenyewe. Kumbembeleza ni kumlipia chakula.

Pili, baridi. Kiwango ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Friza ya gari imetengenezwa kutunza baridi, haikutengenezwa kugandisha. Samaki akipakiwa akiwa nyuzi 8 chini ya sifuri hatashuka hadi 18 njiani, na atawapasha joto walio karibu naye. Pooza gari kwanza likiwa tupu, ndipo upakie. Mzigo wa mteja wa mwisho utangulie kuingia, wa kwanza ukae mlangoni, ili mlango usikae wazi huku unapekua. Usibane katoni na kuta wala dari, kwani hewa ya baridi inahitaji njia ya kuzunguka. Weka mapazia ya plastiki mlangoni. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi: kila ukifungua mlango unaingia, unaganda kwenye mabomba ya kupozea na kuziba hewa, kisha fundi anaitwa kutazama injini isiyo na kosa. Yeyusha barafu hiyo kabla haijanenepa.

Ukipokea mzigo, shika pakiti ya njegere. Zikicheza moja moja, salama. Zikiwa bonge, ziliyeyuka zikagandishwa tena, zirudishe.

Baugh aligawaje mali iliyo kwenye hisa? Aliuza kwanza? (Msomaji, Nairobi)

Baugh na mkewe walianzisha wakfu wenye majina yao, na kwa tajiri wa aina hiyo Marekani kutoa hisa zenyewe ndiyo njia ya akili. Chukua viwango vya sasa: hisa iliyonunuliwa dola 10 leo ni dola 100. Akiiuza, faida ya 90 inaweza kukatwa kodi ya serikali kuu ya asilimia 20, yaani 18, zinabaki 82 za kutoa. Akikabidhi hisa yenyewe kwa chuo, chuo kinauza na kubaki na 100 zote. Masharti: awe ameimiliki zaidi ya mwaka mmoja, na asiwe amekwisha kukubaliana na mnunuzi. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa kuwa mamlaka ya kodi huhesabu kwamba aliuza yeye.

Wakfu wa familia una minyororo yake. Lazima utoe kila mwaka takribani asilimia 5 ya thamani ya mali yake ya uwekezaji, na hauruhusiwi kumkopesha mwanzilishi wala kununua kiwanja chake, hata kwa bei nafuu.

Ni kweli aligombana na kanisa lake? (Msomaji, Dodoma)

Na baadhi ya viongozi wake. Tangu 1979 kundi la wahafidhina lilikuwa likitwaa uongozi wa Wabaptisti wa Kusini, dhehebu lake la Kiprotestanti huko Marekani, na Baugh alisimama upande wa pili. Chuo Kikuu cha Baylor, kilichopo Waco, kilibadili hati yake ya uendeshaji mwaka 1990 ili kundi hilo lisikitwae, na miaka minne baadaye kikafungua seminari ya Truett. Fedha za familia ya Baugh zilikwenda huko kwa wingi. Kituo cha ujasiriamali cha Baylor kina jina lake. Alifariki mwaka 2007.