Kabla hujalipia klaspu za rangi ya jino

Karatasi nyingi zinazofika mezani kwangu kutoka kwa madaktari huwa na sentensi moja ya ziada pale chini: mgonjwa hataki waya uonekane. Mimi ni fundi wa meno bandia hapa Arusha, na ombi hilo nalielewa. Ukishang'olewa jino lililo nyuma ya chonge, ukawekewa meno ya kuvaa na kuvua, waya wa kushikilia hupita usoni mwa chonge, na ukicheka tu unamulika. Kuna watu wazima wenye heshima zao wanaocheka wameziba mdomo kwa mkono kwa ajili ya waya huo.

Dawa yake ipo. Badala ya waya tunatengeneza klaspu, yaani kile kimkono kinachokumbatia jino, kwa plastiki ngumu yenye rangi ya jino. Inayotumika sana kwa kazi hii ni asetali. Inayeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 200, kisha inasukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu ya plasta. Ikitoka na kusuguliwa vizuri, mtu mnayeongea naye haioni kirahisi. Isitegemewe ipotee kabisa, maana jino halisi hupitisha mwanga kidogo na asetali haipitishi.

Sasa, tatizo huanza mtu anaposema, "Weka zote nyeupe, chuma sikitaki hata kidogo." Hapo huwa namwomba daktari wake amwite wazungumze upya.

Chuma tunachotumia, mchanganyiko wa kobalti na kromu, ni kigumu kuliko asetali kwa mbali sana. Klaspu ya chuma hujipenyeza chini ya tumbo la jino, pale linapoanza kurudi ndani kuelekea kwenye ufizi, kwa kina cha robo milimita hivi, na hiyo inatosha kuyashika meno bandia yasichomoke. Ya asetali hunyumbuka, kwa hiyo lazima iwe nene zaidi na ifike ndani zaidi, kama nusu milimita. Jino lisilo na tumbo la kutosha haliwezi kuibeba, hata ulipe nini. Na unene huo ndio unaokusanya mabaki ya chakula.

Tena kushika ni kazi moja, kubeba ni nyingine. Unapotafuna nyama, kuna kitu lazima kizuie meno bandia yasididimie kwenye ufizi. Kazi hiyo hufanywa na vipande vidogo vya chuma vinavyokalia juu ya magego yako ya asili, kwenye vishimo ambavyo daktari huvichonga kabla ya kuchukua kipimo. Haya meno laini ya naironi ambayo watu wanayasifia kwamba "hayana chuma" mara nyingi hayana vipande hivyo. Yanapendeza siku ya kwanza, baadaye yanazama, na klaspu inateremka nayo na kuuchoma ufizi wa jino linaloshikwa. Kwa mtu anayesubiri tu kidonda kipone, sawa. Kwa miaka ya kutafuna, mimi sipendekezi.

Ninachopendekeza ni mchanganyiko: fremu ya chuma, yaani kiunzi kinachobeba meno bandia, klaspu za chuma huko nyuma, na asetali kwa lile jino moja au mawili yanayoonekana. Simama mbele ya kioo, cheka kicheko chako cha kweli, si cha picha ya pasipoti, uangalie meno yanaishia wapi. Wengi hugundua kwamba la pili nyuma ya chonge halionekani kabisa, hasa taya ya chini. Muulize pia daktari kama waya unaweza kuhamishiwa jino la nyuma zaidi. Wakati mwingine unaweza, na pesa yako inabaki mfukoni.

Kuhusu rangi, klaspu hukaa karibu na ufizi, na shingo ya jino huwa nyeusi kidogo kuliko ncha yake. Kwa hiyo rangi ipimwe pale shingoni, mchana, karibu na dirisha, kabla hujakaa mdomo wazi muda mrefu, maana jino likikauka hujifanya jeupe. Sisi wa huku kaskazini, ambao maji yenye floraidi nyingi yametuachia meno ya kahawia, tuna kazi zaidi, kwa sababu kibao cha rangi 16 tunacholinganishia na jino hakina mabaka yetu. Chagua iliyokolea. Watu huomba nyeupe kwa matumaini, kisha klaspu ndiyo inayoonekana peke yake.

Utunzaji ni ule ule wa meno bandia yoyote: vua usiku, osha baada ya kula, tumia sabuni ya maji na mswaki laini kuliko dawa ya meno inayokwaruza. Maji ya moto hapana, jiki hapana kabisa, hula chuma. Chai na manjano hubadilisha rangi taratibu. Jino lenye klaspu lisuguliwe zaidi ya mengine, hasa mstari wa ufizi, kwa kuwa likioza, meno bandia yote yanakosa pa kujishikia.

Jambo moja huwashangaza wengi: waya wa chuma ukilegea, daktari huukaza kwa koleo dakika hiyo hiyo. Asetali haikazwi hivyo, na ikikatika haiungwi kwa gundi, inatengenezwa nyingine. Uliza mapema hiyo nyingine itagharimu kiasi gani.

Na kama tayari una meno bandia ya plastiki ya pinki yenye waya unaoonekana, usikimbilie kuagiza mapya. Waya unaweza kukatwa na klaspu ya asetali ikapachikwa. Asetali haishikani na plastiki hiyo kwa gundi, kwa hiyo mkia wake hutobolewa matundu ili plastiki iingie na kuufunga. Kwenye fremu ya chuma ni kazi ngumu zaidi, na hapo huwa naomba nione meno yenyewe kwanza.