Maswali na Majibu: Kulala Mchangani Wahiba na Juu ya Milima ya Hajar

Msimu wa baridi unakaribia Oman, na maswali ya safari za kambi yameanza kumiminika. Nimeyasoma yote. Wengi wenu mnauliza hema likoje, chakula kikoje, na picha nzuri zinapigwa wapi. Walioniuliza yanakwenda magari mangapi, au nani ameshika usukani, ni wachache mno. Kwa hiyo nitayajibu yenu, na katikati nitakuambieni na yale ambayo hamkuuliza.

*Nitakuwa Maskati siku tatu mwezi wa Desemba. Nataka usiku mmoja mchangani na mmoja mlimani, halafu nipande ndege. Kampuni imeniambia inawezekana. (Dar es Salaam)*

Inawezekana, lakini sikushauri. Kutoka Maskati hadi Bidiyah, mji ulioko ukingoni mwa mchanga wa Wahiba, ni kilomita 220 hivi. Kutoka hapo hadi mlima wa Jebel Shams unapita mji wa Nizwa, na nusu ya siku yako inaishia barabarani. Kisha kuna kushuka mlima na kurudi Maskati, saa tatu na zaidi. Utafika mchangani jua linazama, utaondoka kabla hujajua upepo unavuma kutoka upande gani, na mlimani utafika umechoka. Dereva wako naye atakuwa amechoka kukushinda, na yeye ndiye wa kuliteremsha gari kwenye miteremko ile.

Tafuta siku tano. Siku ya kwanza pitia Wadi Bani Khalid, bonde lenye maji, uoge, uingie mchangani alasiri. Lala huko usiku mbili. Siku ya tatu nenda Nizwa, kisha panda mlimani ulale usiku mbili. Zipange ili Ijumaa asubuhi ikukute Nizwa, kwenye mnada wa mbuzi karibu na ngome. Wauzaji wanazunguka na mbuzi wao kwenye duara, wanunuzi wamesimama pande zote, mkono unanyooshwa kumpapasa mbuzi mgongoni, bei inatajwa hapo hapo na mbuzi anaendelea kutembea. Fika mapema, kwani jua likipanda mnada umekwisha.

Kama siku ni tatu tu, chagua kimoja: mchanga au mlima.

*Kampuni moja imenipa bei ya gari moja, nyingine ya magari mawili na ni ghali zaidi. Sisi ni watu wanne tu. Kwa nini nilipie gari litakalotufuata tupu? (Mombasa)*

Kwa sababu siku gari lenu litakapotitia, hilo tupu ndilo litakalokuvuteni.

Wahiba ni mchanga wa kilomita 180 hivi kutoka kaskazini hadi kusini na 80 kwa upana. Matuta ya upande wa kaskazini yanafika urefu wa mita 100. Gari linapotitia, matairi yanachimba, tumbo la gari linakaa juu ya mchanga, na kila dereva anapokanyaga mafuta ndivyo linavyozidi kuzama. Mkiwa na gari la pili lililosimama mahali pagumu, na kamba nzuri, shughuli inakwisha bila presha. Mkiwa na gari moja mnabaki na chepe na mikono yenu, na mtandao wa simu ndani kule hukatika. Kwa kambi za kudumu zilizo jirani na Bidiyah, ambazo njia yake hukanyagwa kila siku, gari moja linatosha. Lakini anayekuahidi kulala peke yenu katikati ya matuta, kwa gari moja, anacheza na roho zenu.

Hili nimeliandika mara nyingi na nitaendelea kuliandika. Mnabishana bei mpaka mwenye kampuni anakubali, mkidhani mmeshinda. Fedha mliyoipunguza ameitoa mahali: kwenye gari la pili, kwenye madumu ya maji, kwenye matairi ambayo yalipaswa kubadilishwa, au kwa mwongozaji mwenye leseni aliyeachwa nyumbani na kuletwa dereva anayeijua lami tu. Oman waongoza watalii hupewa leseni na Wizara ya Urithi na Utalii. Omba kuiona kabla hujalipa, na asiyekuwa nayo mwache.

Mkifika Bidiyah mtazameni dereva. Kabla hajaacha lami anapaswa kusimama na kupunguza upepo wa matairi, yote manne, akipima kila moja kwa kipimo mpaka lishuke kwenye psi 15 hadi 18. Tairi linakaa bapa kidogo na kukanyaga mchanga kwa upana. Akipita moja kwa moja bila kusimama, mwambieni asimame. Na mkitoka mchangani, kabla ya kuikamata njia ya Nizwa, upepo ujazwe tena. Tairi laini linapata moto kwenye lami, na mawe ya Hajar yanalichana ubavuni.

*Likizo yangu ni Julai. Je, naweza kwenda Wahiba? (Nairobi)*

Hapana. Mchana joto hupita nyuzi 45, na wenyeji wenyewe wanahamia kwenye mitende. Mchanga na milima ni kuanzia Oktoba hadi mapema Aprili. Julai nenda Salalah, kusini, kwenye mvua za khareefu, na hiyo ni safari nyingine kabisa.

*Jangwani ni joto, kwa hiyo nguo nyepesi zinatosha, sivyo? (wasomaji kadhaa)*

Nimelijibu hili msimu uliopita na uliopita kabla yake. Hazitoshi. Januari, mchanga ukishapoteza joto la mchana, usiku utatafuta sweta na soksi. Mlimani ni zaidi. Jebel Shams ndio mlima mrefu kuliko yote Oman, unapita mita 3,000, na kambi nyingi zimewekwa kwenye mita 2,000 hivi. Huko baridi ya usiku inaweza kushuka chini ya sifuri. Chukua koti, kofia ya sufu na mfuko wa kulalia wa baridi kali. Kampuni ikisema inatoa mifuko, uliza ni ya nyuzi ngapi. Blanketi la hoteli halisaidii kitu.

*Mwongozaji wetu anapendekeza tulale ndani ya wadi, chini ya mitende. Kuna kivuli na maji safi. Mnasemaje? (Dodoma)*

Kataeni. Na kama anashikilia, badilisheni mwongozaji.

Wadi ni mkondo wa mto uliokauka, na ukavu wake ndio unaodanganya watu. Milima ya Hajar ni mwamba mtupu. Mvua ikinyesha juu, hakuna udongo wa kuinywa, maji yote yanateremka kwa pamoja. Mvua hiyo inaweza kunyesha mbali na nyinyi, mbingu iliyo juu ya hema lenu ikiwa na nyota tupu, na maji yakakufikieni usingizini. Aprili 2024 mafuriko yaliua watu Oman, wakiwamo wanafunzi waliosombwa na maji wakiwa ndani ya gari huko Samad al Shan, mkoa wa Sharqiya Kaskazini. Walikuwa wanatoka shule.

Mkiwa ndani ya wadi mchana, tazameni matawi ya miti. Mtaona majani makavu, vijiti na mifuko ya plastiki iliyonasa, pengine juu ya kichwa cha mtu mzima. Hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Ogeni, kuleni, kisha pandeni mkalale kwenye ukingo wa juu. Na dereva akikuta wadi inapita maji barabarani, asivuke, hata kama gari lililotangulia limevuka. Sheria ya Oman inamwadhibu anayevusha gari kwenye wadi iliyojaa, kwa faini na hata kifungo, na sheria hiyo ina haki.

*Shikamoo ami. Mama yangu ana miaka 70. Babu zake walitoka Ibra wakaja Unguja, naye anataka kuiona Ibra na kulala jangwani walau mara moja. Ndugu zangu wanasema ni wazimu. (Zanzibar)*

Marahaba mwanangu. Mpeleke.

Ibra iko njiani kwenda Wahiba, hutazunguka popote. Wengi wa Waharthi na Wabarwani wa pwani yetu asili yao ni huko Sharqiya. Mpitishe mtaa wa kale wa Ibra, kwenye majumba ya matajiri waliofanya biashara na Unguja na bara. Mengine yamebaki kuta, lakini atayajua matao na milango. Kisha Mudhairib, mji mdogo wenye minara ya walinzi juu ya vilima na falaji, yaani mfereji wa maji, inayopita kati ya nyumba. Ukifika Ibra Jumatano asubuhi kuna soko la wanawake, wanauza wao na wananunua wao. Mwache mama aingie na bintiye, wewe mwanamume usubiri nje. Na msishangae akipata wa kuzungumza naye Kiswahili. Baadhi ya watu wa koo hizo walirudi Oman baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengi zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Lugha walirudi nayo.

Kulala jangwani alale kwenye kambi ya kudumu, si hema la chini. Sema mapema kwamba unataka kitanda, choo cha kukaa kilicho karibu, na njia isiyo na ngazi. Halafu mwambie dereva, mbele ya mama, kwamba hamtaki kurushwa matutani. Vijana wa huko wanaona fahari kuwapandisha wageni tuta kwa kasi na kuwateremsha upande wa pili, na mgongo wa mtu wa miaka 70 hauna la kufanya na mchezo huo. Asogezwe taratibu mpaka chini ya tuta la karibu, atandikiwe busati, apewe kahawa na tende, alione jua likizama.

Mlimani mpeleke Jebel Akhdar, siyo Jebel Shams. Barabara yake ni lami na juu, Saiq, kuna hoteli. Kituo cha polisi cha Birkat al Mawz hakiruhusu kupanda gari lisilo fowili, kwa hiyo usijaribu kwa teksi. Kushuka ni kwa gia ndogo, bila kukalia breki. Ukisikia harufu ya breki kuungua, mwambie dereva asimame zipoe. Kama mama ana presha, amwone daktari wake kabla ya safari, maana Saiq ni mita 2,000.

*Tunaweza kurusha droni? (Arusha)*

Kwa kibali tu. Bila kibali iache nyumbani.

*Watoto wangu wa miaka 6 na 9 wanaweza kutembea ile njia ya ukingoni Jebel Shams? (Kampala)*

Wa miaka 6, kwangu mimi, hapana. Njia inaanzia kijiji cha Al Khitaym na kufuata ukuta wa korongo hadi As Sab, kijiji kilichohamwa. Sehemu nyingi ni pana ya kutosha, na alama za rangi nyekundu, nyeupe na njano zimechorwa kwenye mawe. Lakini hakuna uzio, na upande mmoja ni shimo la mamia ya mita. Kwenda na kurudi ni nusu siku bila kivuli cha maana. Wa miaka 9, kama ni msikivu, aende upande wa ukutani na mkono wake uwe mkononi mwako. Nimewaona wazazi huko wakiwasimamisha watoto ukingoni wawapige picha, na wakirudi nyuma hatua moja zaidi ili korongo lote liingie. Acheni hilo kabisa.

*Choo kinakuwaje kambini, na maji? (wengi)*

Kwenye kambi ya wazi, chimbeni shimo mbali na hema na mbali na njia ya maji, mfukie. Karatasi ichomwe au itoke nanyi. Maji ya kunywa hesabuni lita tano kwa mtu kwa siku, ya kupikia na kutawadha mbali, na hesabu hiyo uione kwa macho: yahesabu madumu kabla gari halijaondoka. Mlimani msioge kwa sabuni wala kufua kwenye falaji. Kuna watu chini wanaoitegemea kwa kunywa na kumwagilia.

Na kuni zinunuliwe mjini. Msikate ghafu, ile miti michache ya mchangani. Kivuli chake ni cha Mabedui na matawi yake ni chakula cha ngamia wao. Mti uliotafuta maji chini ya mchanga miaka mingi haufai kuishia kwenye moto wa mishikaki ya usiku mmoja.

*Hema letu lilianguka usiku mchangani, vigingi vyote viling'oka. Tulikosea wapi? (Tanga)*

Kigingi hakishiki mchangani. Jazeni mchanga kwenye mifuko midogo, fungeni kamba ya hema katikati ya mfuko, chimbeni hadi kiwiko, ulazeni mfuko humo na kuushindilia. Na hema likae bondeni kati ya matuta, mlango ukiupa upepo mgongo. Juu ya tuta ni pa kutazama nyota tu. Asubuhi kung'uteni viatu kabla ya kuvaa, kuna nge.

*Mwishoni tunatoa bakshishi? Kwa nani? (Mombasa)*

Ndiyo. Dereva wa gari la pili na mpishi wasisahauliwe. Mpishi mara nyingi ni mgeni kutoka Bangladesh, India au Pakistan, anaamka kabla yenu kuchemsha maji na hajui Kiingereza cha kukuageni. Mpeni yeye mwenyewe mkononi, mbali na mkuu wa msafara, na mpeni kwa riali, maana shilingi huko hapati pa kuzibadilisha.