Kwa wadogo zangu mnaoanza wodi Uganda: habari ya mtihani wa mwisho

Wanafunzi wa udaktari kutoka Tanzania, Kenya na Kongo wanaosoma Ishaka, Kampala, Mbarara au Mbale huniuliza swali lilelile: ni kweli mtihani wa mwaka wa 5 unaangusha watu? Ni kweli, wala sitawaambia msiogope. Ila naona hofu yenu mmeielekeza kwenye karatasi, mnakesha na madesa (notsi na maswali) ya miaka iliyopita, na huku wengi wanaopata sapu, yaani mtihani wa marudio, wanaipatia kando ya kitanda cha mgonjwa.

Tuanze na kesi ndefu. Unakabidhiwa mgonjwa, umhoji na kumpima mwili mzima, kisha watahini wanakuja, na mara nyingi mmoja wao ametoka chuo kingine, hakujui. Hatakuuliza sana kitabu kinasemaje. Atakuuliza huyu mama utamfanyia nini usiku huu. Chukua kifafa cha mimba. Magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege lake, kila mtu anaitaja. Mtahini anataka dozi: gramu 4 kwenye mshipa polepole, gramu 5 kwenye kila tako, halafu gramu 5 kila baada ya saa 4. Ukishajibu, anakuuliza tena: kabla ya sindano inayofuata unaangalia nini? Mguu uruke unapogongwa chini ya goti, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 100 katika zile saa 4, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuokoa ikizidi, iwe tayari karibu. Aliyekaa zamu za usiku leba, akapima mkojo huo mwenyewe, anajibu bila kutafuta maneno. Aliyekariri akikatizwa katikati anapotea.

Kesi fupi, ambapo unapima sehemu moja tu ya mwili mbele ya mtahini, nazo zinapima mikono yako. Kwa malaria, selimundu na kichocho cha kule Ziwa Albert, wengu mkubwa hutaukosa nchini humu. Watu wengi wanaanza kupapasa chini ya mbavu za kushoto, na wengu ukiwa mkubwa sana wanaupita bila kuujua. Anza chini kulia, karibu na kinena, kisha panda taratibu kuelekea mbavu za kushoto. Utaulizwa umejuaje si figo: vidole havipenyi kati yake na mbavu, mgonjwa akivuta pumzi unashuka kuelekea kulia, na ukiugonga mlio wake ni mzito. Maneno haya yanasomwa kwa dakika 2, lakini mkono unahitaji miezi kuyazoea, tena mbele ya mtu anayekuangalia.

Hapo pana jambo linaloniuma. Mwanafunzi anaweza kumaliza kitengo kizima bila mtu yeyote kumwona akipapasa tumbo. Raundi imejaa watu, wa nyuma wanaona migongo ya wenzao, na mwisho anatahiniwa kwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kumsahihisha. Si haki, na vyuo vinapaswa kulirekebisha. Lakini wewe usingoje. Raundi ikiisha, mfuate daktari wa intani, yaani aliyehitimu karibuni na yuko kwenye mafunzo ya kazi, mwambie: "Daktari, naomba uniangalie nikimpima huyu." Wengi watakubali, maana nao walipita humo juzi tu.

OSCE, ule mtihani wa kupita kituo kimoja baada ya kingine ukionyesha ujuzi, ilibuniwa na Ronald Harden huko Dundee, Uskoti, miaka ya 1970, ili bahati ya kumpata mgonjwa rahisi au mtahini mpole isiamue matokeo. Alama zinatolewa kwa kinachoonekana. Kwa hiyo nawa mikono, jitambulishe, omba ruhusa, sema unachokifanya. Kengele ikilia, kituo ulichoharibu kiache hukohuko.

Sisi Waswahili tuna mtihani mwingine usioandikwa kwenye ratiba: lugha. Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini bibi wa Bushenyi atakueleza maumivu yake kwa Kinyankole, na wa hospitali ya Mulago, Kampala, kwa Kiganda. Mkalimani anakula nusu ya muda wako. Tangu wiki ya kwanza wodini, muombe nesi akufundishe kuuliza juu ya maumivu, homa, choo, hedhi na dawa alizokwisha kunywa. Na umwite mgonjwa "ssebo" (bwana) au "nnyabo" (bibi) kabla ya kumgusa. Heshima hiyo wagonjwa wanaijali, na watahini wanaisikia.

Ukipata sapu, usikimbilie kununua kitabu kipya. Nenda idarani uulize umeangukia wapi, karatasi, kesi au maswali ya ana kwa ana, kisha urudi kwenye hicho. Na kama unakusudia kufanya kazi nyumbani, wasiliana na baraza la madaktari la nchi yako ukiwa bado mwaka wa 4, ujue linadai nini kwa waliosoma nje, kabla hujaamua intani uifanyie Uganda au kwenu.